Nani Athibitishe Kwamba Fimbo Ilikuwa ya Adabu?

Niliwapeleka wanafunzi wangu kulitazama Boma la Wajerumani hapa Arusha mjini, jengo ambalo leo ni makumbusho. Nikawasimulia habari za "hamsa ishirini", vile viboko 25 ambavyo babu zetu walivikumbuka kuliko sheria yoyote iliyoandikwa. Tulipokuwa tukitoka, mmoja wao akaniuliza: "Mwalimu, dola ikichapa tunaita dhuluma, mzazi akichapa tunaita malezi. Akizidisha, nani wa kuthibitisha kwamba hayakuwa malezi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, na nakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda. Kilio kikisikika, jirani humwita mtoto na kumuuliza: "Umefanya nini?" Sikumbuki jirani hata mmoja aliyemuuliza mwenye fimbo. Mahakama ilifanyika palepale uani, na mzigo wa kujitetea ukawa wa aliyechapwa.

Sheria iliyoandikwa ina historia tofauti. Mwaka 1860, katika mji wa Eastbourne nchini Uingereza, mwalimu Thomas Hopley alimchapa mwanafunzi wake, Reginald Cancellor, hadi akafa. Alikuwa ameruhusiwa na baba wa kijana. Ruhusa hiyo haikumwokoa. Jaji Mkuu Cockburn alikubali kwamba mzazi, au mwalimu aliyekasimiwa na mzazi, anaweza kumrudi mtoto kwa kiasi. Lakini adhabu inayotolewa kwa ghadhabu, au inayopita uwezo wa mtoto kuivumilia, ni haramu. Hopley alifungwa miaka 4. Kanuni hiyo ya "kiasi" ikasafiri pamoja na bendera ya Uingereza.

Kanuni ya ushahidi ilitufikia kwa njia nyingine. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza, ilisema kwamba mshtakiwa anayedai kuwa kitendo chake kimo ndani ya msamaha wa sheria, ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha hivyo. Tulipotunga Sheria yetu ya Ushahidi mwaka 1967 tuliirithi kanuni hiyo, tukaiwekea sharti muhimu: ikiwa ushahidi, uwe wa upande wa mashtaka au wa utetezi, unazua shaka ya maana kuhusu hatia, mshtakiwa ataachiwa huru. Kwa hiyo mzazi anayesema "nilikuwa namfunza adabu" anatakiwa kuonyesha mazingira ya kauli yake. Lakini wajibu wa kuthibitisha kosa lenyewe haumtoki Jamhuri.

Mazingira gani hayo? Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinatupa vipimo. Adhabu isiyolingana na umri wa mtoto, hali ya mwili wake na ya akili yake haina uhalali. Vivyo hivyo adhabu kwa mtoto ambaye, kwa uchanga wake au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa kwa nini anaadhibiwa.

Vipimo vipo, kumbukumbu ndizo adimu. Shuleni, kanuni za mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko 4 na kuagiza kila adhabu iandikwe kitabuni. Nyumbani hakuna kitabu. Kuna fomu ya PF3, ikiwa mtu amempeleka mtoto polisi kabla alama hazijafutika. Kuna jirani, ambaye mara nyingi huona aibu kuingilia ya watu. Na kuna mtoto mwenyewe, ambaye tangu marekebisho ya mwaka 2016 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi mahakama kwamba atasema kweli. Lakini atasema kweli dhidi ya nani? Dhidi ya mtu anayemlisha, na ambaye jioni atarudi naye nyumba ileile.

Najua hoja ya upande wa pili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wazazi wengi wanahofu kwamba kila kofi litawafikisha kizimbani. Hofu hiyo si ya kubezwa. Ndiyo maana naona ni sawa kwamba dhana ya kutokuwa na hatia, iliyomo katika ibara ya 13 ya Katiba yetu, imlinde mzazi kama inavyomlinda mshtakiwa mwingine. Lakini kumtaka mzazi aeleze si kumtia hatiani. Mtoto alikosa nini? Alipigwa kwa kitu gani, mara ngapi, na alikuwa na umri gani? Aliyeadhibu kwa kiasi hatashindwa kujibu.

Mwanafunzi wangu nilimjibu wiki iliyofuata. Nilimwambia kwamba sheria yetu ilikwisha kumgeukia mwenye fimbo na kumwomba maelezo. Sisi wa uani ndio tungali tunamuuliza mtoto amefanya nini.