Albamu Zilizovuma Bila Kushika Namba Moja

Albamu iliyovuma bila kushika namba moja ni ile iliyouzwa sana, ikapendwa na kudumu miaka mingi, ilhali haikukaa kileleni mwa chati ya mauzo ya nchi fulani hata wiki moja. Chanzo kikubwa ni kwamba chati hupima wiki, haipimi umri. Albamu inayouza nakala laki tatu kwa siku saba kisha ikasahaulika huipita ile inayouza elfu kumi kila wiki kwa muongo mzima.

*Come On Over* ya Shania Twain (1997) iliishia nafasi ya 2 Marekani, ingawa hukohuko ilithibitishwa kufikia nakala milioni 20. *Back in Black* ya AC/DC (1980) iliishia ya 4. Kisa cha *Legend* ya Bob Marley, kaseti ambayo karibu kila daladala ya Afrika Mashariki iliwahi kuipiga, kinafundisha zaidi. Ilipotoka mwaka 1984 ilikaa kileleni Uingereza wiki 12, lakini Marekani haikufika hata kwenye 50 bora. Kisha, kuanzia 1991 hadi 2009, jarida la Billboard liliziweka albamu kuukuu kwenye chati yao ya pembeni, kwa hiyo hata wiki ilipouza vizuri haikuonekana miongoni mwa mpya. Nafasi yake ya juu kabisa, ya 5, iliipata mwaka 2014, baada ya Google Play kuiuza kwa senti 99.

Sababu nyingine ni nani anahesabu. Kabla ya Mei 1991, Billboard ilitegemea maduka yaliyopigiwa simu na kuulizwa kipi kinatoka, na mwenye duka alijibu alivyopenda. Ulipoingia mfumo wa SoundScan, uliosoma mauzo kwenye mashine za kulipia, Garth Brooks wa muziki wa kantri aliingia moja kwa moja namba moja Septemba mwaka huohuo. Wapenzi wa kantri hawakuzaliwa usiku mmoja. Walikuwapo, ila hawakuwa wakihesabiwa.

Tanzania, hata muongo mmoja baadaye, haikuwa na chati rasmi ya mauzo ya albamu. Redio zilikuwa na orodha zao za nyimbo bora, zilizopangwa kwa salamu, barua, simu na masikio ya mtangazaji, na zilishindanisha wimbo mmoja mmoja, si albamu. Mwaka 2001 Saida Karoli, mzaliwa wa Kagera anayeimba Kihaya, alitoa *Maria Salome*, albamu ambayo wengi wanaijua kwa jina la *Chambua kama Karanga*. Ilitikisa nchi nzima, ikiwamo mikoa isiyojua neno la Kihaya. Wahaya hutaniwa kwamba hawaoni soni kujisifu, lakini hata wao hawakuwa na namba ya kutambia.

Namba hiyo ingetoka wapi? Chukua mfano wa Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba mkoani Kagera, kwenye misheni iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki wa White Fathers mwaka 1892. Vitabu vya parokia huandika ubatizo na ndoa. Kaseti iliyopigwa kwenye harusi haiandikwi popote. Kaseti moja halisi ilitosha ukoo mzima: unaiweka kwenye redio ya mikanda miwili, kaseti tupu upande wa pili, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisha unasubiri upande A uishe. Ikinyonywa na mashine, inarudishwa taratibu kwa kalamu ya Bic. Nakala ya nakala ilikuja na mvumo kama wa mvua kwenye bati, na bado watu waliicheza mpaka lubisi, pombe ya ndizi, ikaisha. Kwenye hesabu ya mauzo, wote hao ni mnunuzi mmoja.

Hata kaseti halali hazikuhesabika vizuri. Wasanii wengi waliuza masta kwa msambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mara moja, na idadi iliyochapwa baada ya hapo aliijua msambazaji peke yake. COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania iliyotokana na sheria ya 1999, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kazi. Stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu zilikuja mwaka 2013.

Kuna pia suala la mpaka. Kihaya ni ndugu wa karibu wa Kinyankole, na mtu wa Mbarara, Uganda, humwelewa Saida pengine kuliko mtu wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Chati ya taifa huukata uwanja wa namna hiyo pale Mutukula, mpakani: waliopo upande wa Uganda wanakuwa wa nchi nyingine, hata kama ni kaseti ileile, imevushwa kwa baiskeli.

Mwaka 2016 wanamuziki wa Bongo Fleva Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia wimbo wa Saida, *Maria Salome*, kwa jina la *Salome*. Safari hii YouTube ilihesabu kila mara ulipotazamwa, mamilioni kwa mamilioni, na hesabu yote ikaandikwa kwenye ukurasa wa Diamond.