Bibi Salme na Nyumba ya Nguzo Moja



Sisi watu wa pwani hatukuanza jana kuoana na wageni. Mababu wa wengi wetu walikuja kwa majahazi, na upepo wa kaskazi, kutoka Hadhramaut na Oman na kwengineko. Wakaposa kwetu, wakaozwa, wakabaki. Lakini tazama ada yetu ilivyokuwa: mgeni ndiye aliyekuja, na mke alibaki kwao. Mara nyingi bwana aliingia nyumba ya wakwe zake. Bibi aliamka asubuhi akamwona mama yake, jioni akenda kwa shangazi yake, na akiugua jirani yu mlangoni na bakuli la uji. Mume akisafiri, au akifa, au akirudi kwao asionekane tena, huzuni iliingia lakini nyumba haikuanguka, kwa kuwa haikusimama juu yake peke yake.

Siku hizi mambo yamegeuka. Watoto wetu wanaooana na wageni huhama nao kwenda Ulaya, Marekani na Ghuba. Na sisi wazee hushughulika na mambo mawili tu, nikaha na safari. Maisha ya baada ya hapo, ya jikoni na ya shuleni, ya maradhi na ya kodi ya nyumba, hatuyasemi. Kwa hivyo nimeona nikusimulie khabari ya mtu wa kwetu aliyepita njia hiyo zaidi ya miaka 150 iliyopita, naye ni Bibi Salme binti Said, bint wa Sultani wa Unguja.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, ambalo magofu yake yako kando ya bahari nje ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Bibi Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa vitani angali mtoto na kuletwa mbali na kwao pasi na hiari yake. Basi hata ndani ya jumba lile ugeni ulikuwapo. Mlisemwa Kiarabu, Kiswahili, Kifursi, Kituruki, Kihabeshi na Kicherkesi. Jumba hilo lilihudumiwa na watumwa, na Bibi Salme alipoandika kitabu chake baadaye aliutetea utumwa. Hilo tunalitaja kwa kuwa ni kweli, wala hatumtetei kwalo.

Alikuwa mtoto mwenye akili na ushupavu. Kusoma Qur'ani wasichana walifunzwa, lakini kuandika hawakufunzwa. Yeye alijifunza kwa siri, akiziigiza herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ndiyo iliyomtia fitinani. Sayyid Said alifariki mwaka 1856, na mwaka 1859 Sayyid Barghash akataka kumpindua nduguye, Sayyid Majid. Salme, msichana wa miaka 15, akawa katibu wa Barghash, anamwandikia barua zake. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katikati. Baadaye alipopatana na Majid, Barghash alimkasirikia. Likumbuke jambo hili, tutalirejea.

Mama yake naye alifariki mwaka huo wa 1859. Salme akakaa mashamba kwa muda, kisha akarudi mjini, na nyumba yake ikawa jirani na nyumba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg. Mazoea yakazidi, mambo yakafika pasipofaa kufika, naye akawa na mimba. Mwezi wa Agosti 1866, usiku wa sherehe za Siku ya Mwaka, watu wakiwa pwani wanakoga, alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer akenda Aden. Alijifungua huko mtoto wa kiume. Bwana Ruete alibaki Unguja kwanza, akimaliza shughuli za biashara yake. Alipomfuata, tarehe 30 Mei 1867, Salme alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa ya Kikristo. Wakaanza safari. Mtoto yule mchanga hakufika Hamburg, alifariki njiani, Ufaransa.

Sitaficha neno, ndugu msomaji. Sheria yetu haimruhusu mwanamke wa Kiislamu kuolewa na asiyekuwa Mwislamu, na kutoka katika dini ni msiba ulio mkubwa kuliko misiba yote iliyomo katika khabari hii. Lakini sikukaa kuandika ili tumhukumu maiti. Mola wake anamjua kuliko sisi. Nataka tuitazame nyumba yake.

Nyumba ilikuwa nzuri, katika kitongoji cha Uhlenhorst, karibu na ziwa la Alster. Mume alikuwa na kazi na alimpenda mkewe. Wao kwa wao walisema Kiswahili, kwani yeye Kijerumani hakukijua hata neno. Asubuhi bwana alikwenda kazini, na Kiswahili chote cha nyumba ile kikatoka naye mlangoni. Alibaki Bibi Salme na watumishi asioweza kuwaagiza hata maji, milango na madirisha yamefungwa kwa baridi, na jua asilolijua, lichomozalo bila ya kupasha moto. Aliyelelewa katika stara na pazia sasa avae nguo za Kizungu, akae na wanaume wageni, kichwa wazi. Popote alipokwenda watu walimkodolea macho kama kitu cha maonyesho. Hakuwa na mama wa kumwuliza, wala dada wa kumcheka, wala mtu mmoja katika mji mzima aliyemjua alipokuwa mtoto.

Wakazaliwa watoto watatu, Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Kidogo kidogo akajifunza lugha na desturi za nyumba. Lakini kila kitu kilipita mkononi mwa mume: fedha, karatasi za serikali, marafiki, hata mazungumzo. Ilikuwa nyumba ya nguzo moja.

Mwezi wa Agosti 1870 nguzo hiyo ikaanguka. Bwana Ruete aliruka kutoka kwenye tramu ya kuvutwa na farasi, ikamkanyaga, akafariki. Bibi Salme hajatimiza miaka 26. Mtoto wa kwanza ana miaka miwili, wa pili mmoja, wa tatu hajatimiza miezi minne. Hapo ndipo alipojua yale ambayo hakuna aliyemweleza siku ya harusi. Kwa sheria ya Hamburg ya wakati ule mjane hakuachiwa kuendesha mali peke yake, bali waliwekwa wasimamizi wanaume juu yake na watoto wake. Mali ikapungua, naye hana ujuzi wa kuhoji wala jamaa wa kumhojia. Na baada ya kiasi cha miezi miwili, Oktoba mwaka huo huo, Sayyid Majid naye akafariki Unguja. Kaka aliyeweza kumsamehe ameondoka, na kitini ameketi Barghash.

Bibi Salme aliuhama mji wa Hamburg, akahangaika na watoto baina ya Dresden, Rudolstadt, Berlin na miji mingine, akitafuta pahala rahisi pa kuishi. Binti wa Sultani akawa anafundisha lugha apate riziki. Mwaka 1875 alisikia kwamba Sayyid Barghash amekuja Uingereza kwa ziara, akafunga safari mpaka London ili amwone kaka yake. Mwakilishi wa serikali ya Kiingereza, Sir Bartle Frere, alimzuia kwa ahadi ya kusaidiwa masomo ya watoto wake. Akarudi hakumwona kaka, na ahadi haikutimizwa.

Mwaka 1885 alifika Unguja pamoja na watoto wake, ndani ya meli ya Kijerumani, Adler. Tusimdhulumu Barghash hapa. Bandarini zilikuwa zimetia nanga manowari za Kijerumani, zimekuja kumlazimisha akubali madai ya Ujerumani juu ya bara. Dada aliyemkimbia amerudi, lakini amerudi nyuma ya mizinga. Bismarck alimtumia yule bibi kama mtu atumiavyo ufunguo, na mlango wa siasa ulipofunguka, ufunguo ukatupwa. Watu wa mji walimpokea barabarani kwa salamu na furaha. Kaka yake hakumpokea. Mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufariki, alikuja tena, na mara hii pia akaondoka mikono mitupu.

Kabla ya hapo, mwaka 1886, alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Kisha aliishi Jaffa na Beirut miaka mingi, mahali anaposikia Kiarabu na adhana, mpaka mwaka 1914. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg kando ya mume aliyekwisha kuwa kaburini zaidi ya miaka 50. Husimuliwa kuwa katika vitu vyake ulionekana mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja, ukazikwa naye.

Sasa tuzingatie. Wako watakaosema kwamba Barghash alifuata sheria, kwa kuwa kuhitilafiana dini huzuia mirathi. Kweli, mirathi huzuia. Lakini salamu haizuii. Barua haizuii. Kumpa maskini katika ukoo zawadi ya kulisha watoto wake haizuii, na hata wasia ndani ya thuluthi unafaa kwa asiyekuwa Mwislamu. Bibi Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwunge. Aliamrishwa amwunge.

Mfano mwengine ni wa Bibi Ummu Habiba. Alihamia Uhabeshi na mumewe, Ubaydullah bin Jahsh, na wanahistoria wengi husimulia kuwa mume huyo aliritadi, akafia huko huko. Bibi akabaki ugenini na binti mdogo. Makka hawezi kurudi, kwani baba yake, Abu Sufyan, wakati ule alikuwa adui wa Waislamu. Naye vilevile nyumba yake ilikuwa imeanguka. Lakini hakuachwa. Mtume (S.A.W.) alipeleka mjumbe kwa Najashi kumposa, Najashi akasimamia ndoa na kutoa mahari, na baadaye bibi akafika Madina kwa heshima. Wajane wawili, wote ugenini, wote na mtoto mkononi. Mmoja alikumbukwa na watu wake, mwengine akasahauliwa kwa makusudi. Tofauti ni hiyo.

Kwa hivyo, wewe kijana unayeondoka, usiijenge nyumba yako juu ya nguzo moja, hata nguzo hiyo ikiwa ni ya mninga. Jifunze lugha ya nchi mapema, usingoje mume au mke awe mkalimani wako wa daima. Zijue karatasi za nyumba yako, zilipo na zisemavyo. Uliza mapema: nikifiwa huku, watoto ni wa nani kwa sheria ya hapa, na mali iko mkononi mwa nani? Watafute Waislamu wa mji huo, nawe uwe na jirani. Na nyumbani usikate mguu wala ulimi. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Nasi tunaobaki, tuna neno letu. Wazee hao hao walisema kwamba mwana akinyea mkono, haukatwi. Huoshwa.

Nalisema hili nikiwa na deni lake. Nilipokuwa mwalimu kijana, binti wa dada yangu aliolewa na mgeni bila ya ridhaa ya wazee, akahama naye. Zilikuja barua mbili. Dada yangu alinijia, akaniuliza ajibu au asijibu. Nikamwambia asijibu, mpaka mtoto atubu. Niliona natetea dini. Barua ya tatu haikuja. Khabari ya kwamba mtoto yule amefiwa na mumewe ilitufikia baada ya mwaka mzima, kinywani mwa msafiri. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Jibu lake lilikuwa fupi, hakulaumu mtu. Aliuliza neno moja tu, kama bibi yake aliyemlea angali hai. Bibi yake tulikuwa tumekwisha kumzika.

Leo barua haina haja ya meli. Sauti ya mtoto aliye Ulaya inafika katika simu kabla chai haijapoa. Ikiwa iko simu katika nyumba yako ambayo umekataa kuipokea, ndugu msomaji, ipokee leo. La kusema naye juu ya dini yake utalisema, tena litasikilizwa, kwani mtu husikiliza nasaha ya aliyemjulia hali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, awathibitishe katika dini yao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaounga alichoamrisha kiungwe. Amin.