Chaneli 12 ya Tijuana na Mawimbi ya Mpakani

XEWT, ambayo watazamaji wengi huijua kwa namba yake tu, Chaneli 12, ni kituo cha televisheni cha lugha ya Kihispania kilichopo Tijuana, katika jimbo la Baja California, pembe ya kaskazini-magharibi ya Meksiko. Kilianza kurusha matangazo mwaka 1960. Mitambo yake iko Meksiko, lakini San Diego ya Marekani iko umbali wa kilomita 30 hivi tu, na antena ya kawaida juu ya paa la huko huinasa picha yake bila shida. Kwa hiyo historia ya kituo hiki haielezeki bila ya mji wenyewe, wala bila ya ndugu yake mkubwa, Chaneli 6, ambayo ilikaa katika ardhi ya Meksiko kwa zaidi ya miaka 60 ikizungumza Kiingereza.

Tijuana ilizaliwa na mpaka. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848, uliomaliza vita kati ya Meksiko na Marekani, ulipitisha mstari kusini kidogo ya ghuba ya San Diego, na eneo lililokuwa malisho ya ng'ombe likajikuta ukingoni mwa nchi mbili. Mji huhesabu umri wake tangu Julai 11, 1889. Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka 1920, wanywaji wake walivuka kwenda Tijuana kutafuta walichonyimwa nyumbani, na mwaka 1928 kikafunguliwa kituo cha anasa cha Agua Caliente, chenye hoteli na kasino. Neema hiyo ilidumu hadi mwaka 1935, Rais Lázaro Cárdenas alipozuia kamari. Mji haukufa. Wilaya iliyokuwa na watu wapatao 65,000 katika sensa ya mwaka 1950 ilihesabu zaidi ya milioni 1.9 mwaka 2020.

Televisheni ilipofika, jambo la kwanza kugawanywa lilikuwa namba za chaneli. Masafa ya VHF yalikuwa na chaneli 12, kuanzia 2 hadi 13, na namba moja haiwezi kutumiwa na miji miwili iliyokaribiana bila picha kuvurugana. Los Angeles, iliyo kilomita 200 hivi kaskazini, ilikwishachukua saba: 2, 4, 5, 7, 9, 11 na 13. Chaneli 3 ikaenda Santa Barbara. Zilizosalia, yaani 6, 8, 10 na 12, ziligawanywa kwa makubaliano ya serikali mbili: San Diego ikapata 8 na 10, Tijuana ikapata 6 na 12. Mji mdogo wa Meksiko ulipewa sawasawa na jirani yake tajiri, na hapo ndipo mambo yote yaliyofuata yalipoanzia.

San Diego ilikuwa na njaa ya televisheni. Kati ya 1948 na 1952 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilisimamisha utoaji wa leseni mpya ili ipange upya masafa, na muda wote huo mji ulibaki na kituo kimoja tu, KFMB cha Chaneli 8, kilichoanza mwaka 1949. Mfanyabiashara Emilio Azcárraga Vidaurreta, mwenye redio kubwa ya XEW ya jiji la Meksiko, aliliona pengo hilo. Kituo chake cha XETV, Chaneli 6, kilianza Aprili 1953 kikiwa na mnara Tijuana, na upesi kikaelekea kwa watazamaji wa Kiingereza. Matangazo ya biashara ya San Diego yalilipa kwa dola, na hesabu hiyo haikuhitaji mtaalamu.

Lakini mawimbi huvuka mpaka kwa urahisi kuliko vibali. Katika miaka ya 1930, John Brinkley, aliyejiita daktari na kutajirika kwa kupandikiza tezi za mbuzi kwa wanaume, alinyang'anywa leseni ya redio yake ya Kansas akahamia ukingo wa Meksiko. Kutoka huko aliendelea kuwahubiria Wamarekani kwa mitambo yenye nguvu kubwa. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 ikaweka kifungu cha 325: asiruhusiwe mtu kutuma kipindi kutoka Marekani hadi mtambo wa nje ili kirudishwe kwa wasikilizaji wa Marekani, ila kwa kibali. Sheria iliyotungwa kumdhibiti tapeli wa redio ndiyo iliyoikuta televisheni ya Tijuana. Chaneli 6 ilipojiunga na mtandao wa ABC mwaka 1956, vipindi havikuweza kuja kwa waya moja kwa moja. Mwanzoni filamu zilibebwa kimkono kupita forodha, kama bidhaa nyingine yoyote, kisha zikarushwa hewani kurudi zilikotoka.

Katika mazingira hayo ndipo XEWT ilipoanza mwaka 1960, chini ya Telesistema Mexicano, kampuni iliyoundwa mwaka 1955 kwa kuunganisha vituo vya Azcárraga na washindani wake, na ambayo mwaka 1973 iligeuka kuwa Televisa. Kazi ya Chaneli 12 ilikuwa kuihudumia Tijuana kwa lugha yake: tamthilia za mfululizo, muziki, mpira na ndondi kutoka jiji la Meksiko, pamoja na habari za mahali. Habari hizo zina ladha yake. Thamani ya dola, foleni ya magari katika kivuko cha San Ysidro, sheria mpya ya viza: mambo ambayo kwingineko Meksiko hutajwa kwa nadra, hapa ni maisha ya kila siku. Hata saa ni tofauti, kwani Tijuana hufuata saa za California na si za mji mkuu.

Familia za San Diego zenye asili ya Meksiko zilikuwa sehemu ya hadhira tangu mwanzo. Sheria ya Marekani ilimbana mgeni asimiliki kituo cha utangazaji nchini humo, lakini haikuweza kuuzuia mnara uliosimama kilimani ng'ambo ya pili. Jambo hilo liliwafaa sana wenye Chaneli 12.

Chaneli 6 nayo, pamoja na Kiingereza chake chote, haikuacha kuwa na leseni ya Meksiko. Saa kumi na mbili asubuhi na saa sita usiku ilipaswa kupiga wimbo wa taifa wa Meksiko kama kituo kingine chochote, na nyakati za kampeni ilirusha kwa Kihispania matangazo ya vyama vya Meksiko katikati ya vichekesho vya Kimarekani. Nyuma ya matangazo hayo palikuwa na utaratibu wa kodi: kwa amri ya mwaka 1969, serikali ilichukua asilimia 12.5 ya muda wa hewani badala ya fedha.

Kibali cha ABC hakikudumu. Kituo cha San Diego, KCST cha Chaneli 39, kilidai kwamba si haki mtandao wa Marekani uwe kwa mgeni huku mwenyeji akikosa. Tume ilikubali, na mwaka 1973 ABC ikahamia huko. Chaneli 6 ikajitegemea hadi mwaka 1986, ilipokuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya mtandao wa Fox. Mwaka 2008 Fox nayo ikaondoka, mtandao wa CW ukachukua nafasi yake.

Chaneli 12 haikupitia misukosuko hiyo ya kubadili mitandao. Mtihani wake mkubwa ulikuja Mei 28, 2013, Tijuana ilipokuwa mji wa kwanza Meksiko kuzima matangazo ya analojia. Nyumba ambazo hazikuwa na ving'amuzi zilibaki na skrini tupu, na uchaguzi wa jimbo ulikuwa wiki chache mbele. Baada ya siku tatu mitambo ya analojia iliwashwa tena, uchaguzi ukafanyika Julai 7, na Julai 18 ikazimwa moja kwa moja. Vituo vikuu vya Marekani vilikuwa vimeshahama tangu Juni 2009.

Mwaka 2017 CW iliondoka Chaneli 6, na idara yake ya habari ya Kiingereza ikafungwa. Televisa ikakiingiza kituo katika mtandao wake wa Canal 5, kwa Kihispania, na namba zote mbili ambazo Tijuana ilipewa miaka ya 1950 zikawa zinatumia lugha ya mji wao.