Upanga wa Jogoo, Mtego wa Panya

Majira ya joto, Streif ni malisho. Ng'ombe huchunga majani juu ya mji wa Kitzbühel, Austria, na mgeni anayekaa hapo kula mkate wake hawezi kujua kwamba ifikapo Januari watu hupita papo hapo kwa skii wakikimbia kuliko gari kwenye barabara kuu.

Skii ziliingia mjini kupitia kitabu. Franz Reisch, mkazi wa Kitzbühel, alisoma jinsi Fridtjof Nansen alivyovuka barafu ya Greenland, akaagiza jozi yake Norwei, na mwaka 1893 akaanza kuteleza. Enzi hizo aliyetaka kushuka alipanda kwanza kwa miguu yake. Mwaka 1928 ukaja usafiri wa kamba hadi juu ya mlima Hahnenkamm, jina lenye maana ya upanga wa jogoo, na miaka mitatu baadaye mashindano yakaanza, ingawa upande mwingine wa mlima. Streif yenyewe ilisubiri hadi 1937.

Urefu wake ni mita 3,312, na kutoka mwanzo hadi mwisho mtu hushuka mita 860. Ila takwimu hazimtishi mtu kama lango la kuanzia. Sekunde chache tu baada ya kujisukuma, mtelezaji hufika Mausefalle, yaani mtego wa panya, ambako ardhi huporomoka kwa mwinamo wa asilimia 85. Huruka hewani makumi ya mita, kisha hutua huku kona ikimsubiri. Na anapotua si theluji laini: mafundi huimwagilia maji mpaka igande iwe kama kioo. Mwaka 2009 Daniel Albrecht wa Uswisi alianguka kwenye mruko wa mwisho, siku ya mazoezi tu, akapoteza fahamu kwa wiki tatu.

Fritz Strobl alishuka yote kwa dakika 1 na sekunde 51.58 mwaka 1997. Skii zimeboreshwa mno tangu hapo. Rekodi yake imekaa miaka zaidi ya 25.

Franz Klammer alishinda hapo mara 4. Didier Cuche, Mswisi kama Albrecht, alimpita Januari 2012 akiwa na miaka 37, siku chache baada ya kutangaza kwamba anastaafu. Washindi hupewa kibanda cha usafiri ule wa kamba chenye jina lao, kwa hiyo mtalii aliyebeba kikapu cha chakula huenda akapandishwa mlimani na Klammer.