Odino: maji yalienda wapi?

Wasee, mkifika Odino kule Nyakach kupiga picha mkute maji membamba, msilaumu kiangazi peke yake. Mto Sondu Miriu umezibwa huko juu. Maji mengi yanaingia kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, yanaruka maporomoko kabisa, yanaenda kuzungusha mitambo ya KenGen: megawati 60, tangu 2008, kwa mkopo wa Japani. Sang'oro ikaongeza 21 mwaka 2012 kwa maji yaleyale.

Sipingi stima, simu yangu pia inaihitaji. Lakini wenyeji walilalamika mapema kuhusu mto wao, wakabakishiwa kiasi kidogo tu. Na Japani hiyohiyo, watu hufunga safari kutazama maporomoko ya Kegon! Odino nendeni wakati wa mvua ya masika, maji yakifurika pale juu.