Tarehe ya Nyumba ya Toyota katika Mbio za Saa 24

Wapo wanaoandika kwamba haibridi iliingia katika mbio ndefu za magari mwaka 2012, pale Le Mans, Ufaransa, na kwamba mlango ulifunguliwa na Audi. Maneno hayo yamerudiwa mpaka vijana wanayashika kama kweli. Tarehe hii inaandikwa ili haki imrudie mwenyewe. Audi ilishinda Le Mans ya mwaka huo, hilo hakuna anayelipinga. Lakini gari la haibridi la kwanza kushinda mbio za saa 24 lilitoka Japani miaka mitano kabla, na jina lake ni Toyota Supra HV-R.

Kabla ya hapo alikuwepo Don Panoz wa Marekani. Mwaka 1998 alileta gari lake la haibridi la Q9, watu wakalipa jina la Sparky. Lilikuwa zito, likashindwa kufuzu Le Mans, likamaliza la 12 katika Petit Le Mans kule Road Atlanta, habari yake ikaishia hapo.

Sasa tuingie kwenye nyumba yenyewe. Desemba 1997 Toyota ilitoa Prius, gari la haibridi la kwenda sokoni na kazini, na wengi wakaamini kwamba umeme na petroli vikichanganywa havitoi zaidi ya ubanifu wa mafuta. Waliokataa imani hiyo walikuwa mafundi wa Toyota wa Higashi-Fuji, chini ya mlima Fuji, na miongoni mwao mhandisi Hisatake Murata, ambaye baadaye ndiye aliyeongoza kazi yote ya haibridi ya mbio. Mwaka 2006 walipeleka Lexus GS450h kwenye mbio za saa 24 za Tokachi, kisiwani Hokkaido. Ikamaliza ya 17. Hawakwenda kushinda, walikwenda kujua kipi kitaungua kwanza.

Mwaka uliofuata wakarudi na Supra. Lazima nilieleze gari hili, maana ndilo shina. Gari la kawaida likifunga breki, kasi yake yote hugeuka joto kwenye diski na kupotelea hewani. Supra ile ilikuwa na mota ndani ya magurudumu ya mbele na nyingine ekseli ya nyuma. Dereva akikanyaga breki, mota zinageuka majenereta, umeme unakimbilia kwenye kapasita. Murata na wenzake hawakutaka betri, kwa sababu betri za wakati ule zilikunywa polepole, na kona ya mbio haikungoji. Kapasita humeza umeme kwa sekunde chache na kuutapika wote dereva anapotoka kwenye kona, huku injini ya V8 ya lita 4.5 ikisukuma pamoja nao. Julai 2007 Supra hiyo ikazunguka Tokachi mara 616 na kumwacha wa pili kwa mizunguko 19. Mizunguko 19! Anayetaka kujua haibridi ilianzia kushinda wapi asiende Ufaransa, aende Hokkaido.

Wengine waliofuata nitawataja kwa haki yao. Peugeot ilionyesha 908 HY pale Silverstone mwaka 2008, haikuwahi kushindana. Porsche ilipeleka 911 GT3 R Hybrid Nürburgring mwaka 2010, ikaongoza saa nyingi, injini ikafa zikiwa zimebaki chini ya saa mbili. Timu ya Hope Racing ilikuwa ya kwanza kuanza Le Mans na haibridi, 2011, na haikumaliza.

Ndipo ukaja 2012. Peugeot ilijitoa Januari, na Toyota ikabaki peke yake kuikabili Audi kwa gari la TS030. Audi R18 e-tron quattro ilitumia injini ya dizeli na gurudumu zito lililozunguka kwa kasi kubwa ndani ya kasha kando ya dereva, likitunza nguvu za breki kwa ajili ya ekseli ya mbele. Madereva wake Fässler, Lotterer na Tréluyer wakashinda baada ya mizunguko 378. Toyota ilionja uongozi kwa muda mfupi tu. Kisha gari la dereva wake Anthony Davidson likagongana na Ferrari, likapaa, likajibamiza kwenye ukuta wa matairi, naye akavunjika pingili mbili za mgongo. Gari la pili likafa injini usiku.

Hapa nasimama kwa sababu ya ubishi mmoja. Watetezi wa Audi husema ushindi ule una uzito wa pekee, kwa kuwa sheria ilikataza umeme kusukuma magurudumu ya mbele mpaka gari lipite kilomita 120 kwa saa. Wanasahau mambo mawili. Gurudumu lile la kutunza nguvu lilitengenezwa na Williams Hybrid Power ya Uingereza, Audi ililinunua. Na sheria ya kasi ilirudi baadaye kuibana Toyota kwa ukali zaidi: mwaka 2022 gari lake la GR010 halikuruhusiwa kutumia umeme wa mbele chini ya kilomita 190 kwa saa, na bado likashinda Le Mans. Kama kubanwa ni sifa, basi sifa igawiwe kwa kipimo kimoja.

Tuendelee. Mwaka 2014 sheria zikabadilika, kila gari likapimiwa mafuta kwa mzunguko kulingana na umeme linaourudisha. TS040 ya Toyota, ikiwa na nguvu farasi 1,000, ikatwaa ubingwa wa dunia. Le Mans yenyewe ilikuwa mikononi mwake hadi nyaya zilipoungua alfajiri.

Wazee wa mbio hizo husema Le Mans humchagua mshindi wake yenyewe. Mwaka 2016 Kazuki Nakajima wa Toyota aliongoza kwa zaidi ya dakika moja, zikiwa zimebaki dakika chache mno. Redioni akasikika akisema hana nguvu. Kiungo cha bomba kati ya tabo na kipozahewa kilikuwa kimeachia. Haibridi haikuwa na kosa. Gari likasimama mbele ya piti za timu yake, Porsche ikapita. Nakajima akalikokota hadi mwisho kwa mzunguko wa zaidi ya dakika 11, na kwa kuwa sheria iliruhusu dakika 6, jina lake halikuandikwa hata kwenye orodha ya waliomaliza.

Mwaka 2017 likaja la ajabu zaidi. Kamui Kobayashi, naye wa Toyota, aliyekuwa ameweka muda wa 3:14.791 katika kufuzu, alisimama kwenye taa nyekundu ya kutokea piti. Dereva wa timu nyingine, mwenye mavazi yaliyofanana na ya wasimamizi, akamwinulia kidole gumba kumtia moyo. Kobayashi akadhani ameruhusiwa. Akaondoka, akaamriwa asimame, akaondoka tena, na kila mara kwa injini ya petroli. Gari lile kwa kawaida huondoka kwenye piti kwa mota ya umeme, na klachi yake haikuundwa kubeba kazi hiyo. Ikaungua, gari likafia njiani.

Porsche ilishinda 2015, 2016 na 2017, kisha ikaondoka, kama Audi ilivyoondoka mwaka mmoja kabla. Toyota ikabaki. Juni 2018 Nakajima, safari hii akiwa na madereva wenzake Buemi na Alonso, akavuka mstari ule ule baada ya mizunguko 388, ukiwa ushindi wa kwanza wa gari la Kijapani tangu Mazda ya 1991. Nyumba hiyo ikashinda mara tano mfululizo, hadi 2022. Kuanzia 2023 hadi 2025 Le Mans ilikuwa ya Ferrari 499P, nayo ni haibridi. Toyota bado inapanga magari yake kwenye mstari wa kuanzia, na haijakosa msimu wa ubingwa wa dunia hata mmoja tangu 2012.