Programu ya usimamizi wa funguo

Programu ya usimamizi wa funguo ni programu ya kompyuta inayotunza kumbukumbu za funguo ambazo taasisi, hasa shule na vyuo, huwakabidhi wafanyakazi na wanafunzi. Huchukua nafasi ya daftari la funguo linalowekwa ofisini au getini.

Kila nakala ya ufunguo hupewa namba yake ya pekee, inayochongwa juu ya ufunguo wenyewe. Namba ya chumba haiandikwi, ili atakayeuokota asijue unafungua mlango upi. Hifadhidata huunganisha namba hiyo na kitasa, jengo, jina la aliyekabidhiwa, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha. Mwanafunzi anapohama bweni au mtumishi anapostaafu, funguo alizonazo huonekana mara moja.

Umuhimu wake ni mkubwa zaidi penye ufunguo mkuu, unaofungua milango mingi. Ukipotea, programu huonyesha vitasa vyote vinavyopaswa kubadilishwa. Hata hivyo, haiwezi kumzuia mtu kuchongesha nakala mtaani. Ndiyo maana baadhi ya taasisi hutumia pia funguo zinazolindwa kwa hataza, ambazo nakala zake huchongwa kwa kibali tu.